Zipu Isiyolalamika

Alipoambiwa kwa mara ya tatu kwamba kosa liko maktaba, Inspekta alimtuma Koplo akaitafute hiyo maktaba.

Koplo alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na magoti yake hayakuelewana na ngazi. Alirudi baada ya dakika ishirini, anatweta, kofia mkononi.

"Imefungwa, Afande. Mtunzaji yuko likizo ya uzazi. Nimechungulia dirishani nikaona viti vibovu na mzani wa kupimia watoto. Vitabu sikuviona."

Mtu aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta alikohoa. Ndiye aliyetengeneza programu zote za hospitali ile. Wenzake walimwita Mabano, kwa sababu kazi yake ilijaa mabano mwanzo hadi mwisho, na inasemekana hata barua yake ya kuomba likizo aliiandika hivyo.

"Sio maktaba hiyo," alisema. "Nilikuwa nasema maktaba ya msingi. Ya lugha."

"Lugha gani?"

"Ya programu."

Inspekta alimtazama Koplo anavyojifuta jasho shingoni, kisha akamgeukia Mabano. "Na kwa nini hukusema kabla hajapanda ngazi?"

"Nilidhani anakwenda chooni."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa tisa alasiri, muuguzi mmoja wa Wodi ya Tatu angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Alikuwa amelala rumande siku mbili. Mkubwa wa kituo alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuuliza Inspekta anasubiri nini, na kila mara Inspekta alijibu kwamba anasubiri mtu mmoja hospitalini hapo ajibu swali aliloulizwa.

Kesi yenyewe ilionekana fupi. Juzi, saa moja na robo asubuhi, fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha saba akisubiri kupasuliwa ngiri alichomwa sindano ya insulini. Hakuwa na kisukari, na hakuwa amekula tangu jana yake. Ilipofika saa tatu alikuwa maiti. Muuguzi alisema alifuata karatasi ya dawa iliyotoka kwenye printa, kama anavyoifuata kila asubuhi. Karatasi iliyokutwa kwenye faili ilisema vingine: kitanda cha saba, sindano ya kuzuia maambukizi. Muuguzi aliapa kwamba karatasi ile siyo aliyokuwa nayo mkononi. Lakini karatasi haitetemeki ikihojiwa, na muuguzi alikuwa akitetemeka.

Daktari Mkuu alisema ni kompyuta. Watu wa kompyuta walisema ni programu. Mfamasia Mkuu, mtu mrefu, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwambia Inspekta kwa upole: "Wamebadilisha hiyo maktaba yao mwezi uliopita, dada. Toleo jipya. Mimi ningeanzia hapo."

Ndipo alipoanzia, na ndipo Koplo alipopanda ngazi.

"Haya," Inspekta alivuta kiti. "Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu ni mhandisi wa umeme."

"Basi nieleze kama unamweleza wangu. Anauza mkaa."

Mabano alifikiri kidogo. "Fundi seremala hatengenezi nyundo kila anapotaka kupiga msumari. Anayo tayari kwenye sanduku. Lugha yetu nayo inakuja na sanduku lake. Kuna kifaa cha kupanga orodha, cha kuhesabu, cha kugeuza ya mwisho iwe ya kwanza. Sanduku hilo ndiyo maktaba ya msingi. Kila kifaa tunakiita funksheni. Unaingiza kitu huku, kinatoka kitu kule. Haina kumbukumbu, haina hasira, haina Jumatatu. Ukiipa kitu kilekile mara elfu, itakupa jibu lilelile mara elfu."

"Kama shahidi asiyebadili maneno."

"Hasa."

"Sijawahi kukutana naye," alisema Inspekta. "Na toleo jipya?"

"Halikugusa vifaa ninavyotumia."

"Nionyeshe. Usiniambie, nionyeshe."

Mabano alichukua orodha za siku ya kifo kama zilivyokuwa zimehifadhiwa, akazipitisha kwenye toleo la zamani, printa ikatema karatasi. Akazipitisha kwenye toleo jipya, ikatema nyingine. Inspekta alishika moja, Koplo akashika nyingine, wakasomeana mstari kwa mstari kama watoto wanaosahihishana imla. Vitanda ishirini na viwili. Hakukuwa na tofauti hata ya nukta. Na zote mbili zilifanana na ile iliyokuwa kwenye faili, ile iliyomuumbua muuguzi.

Nusu saa ilikwenda hivyo. Koplo alikunja karatasi yake. "Basi yule dada anasema uongo, Afande."

"Au?" Inspekta alisimama. Alipokasirika alishindwa kukaa. "Huyu bwana ameniambia ukiingiza kitu kilekile, kinatoka kilekile. Muuguzi anasema asubuhi ile kilitoka kingine. Kama wote wawili wanasema kweli, kuna nini?"

Mabano alijikuna ndevu. "Basi kilichoingia asubuhi ile sicho hiki."

"Umechukua siku mbili kulisema hilo."

"Hukuniuliza kilichoingia. Uliniuliza kama maktaba ina kosa."

Inspekta alifumba macho, akavuta pumzi. "Karatasi hii inatengenezwa na kifaa kipi?"

"Zipu."

Koplo aliinamia suruali yake haraka.

"Ndilo jina la funksheni," Mabano alisema. "Mapokezi wananipa orodha ya wagonjwa, kwa mpangilio wa vitanda. Duka la dawa wananipa orodha ya dawa, kwa mpangilio uleule. Zipu inazioanisha. Wa kwanza na ya kwanza, wa pili na ya pili. Meno ya upande huu na meno ya upande ule."

"Orodha ya dawa haina namba za vitanda?"

"Mfumo wa duka la dawa ni wa zamani. Unatoa dawa tu. Nimewaandikia mara tatu waongeze namba."

"Wakakujibu nini?"

"Kwamba barua imepokelewa."

Kando ya kompyuta palikuwa na kitabu kinene cha maelezo ya lugha hiyo, kilichochapwa na kubanwa kwa waya. Inspekta alimwamuru afungue palipo na zipu, akasoma mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Huchukua orodha mbili na kuoanisha vilivyomo, kimoja kwa kimoja. Orodha moja ikiisha kabla ya nyingine, kazi huishia hapo. Vilivyozidi huachwa." Aliinua macho. "Huachwa?"

"Ndiyo."

"Bila kelele? Bila taa nyekundu, bila kusema jamani hapa kuna mtu amebaki?"

"Imeandikwa hapo. Sio kosa. Ndivyo inavyofanya."

Inspekta alibaki amekishika kitabu. Jana, alipokuwa akipita Wodi ya Tatu, bibi wa kitanda cha mwisho alimkamata mkono wa shati na kumlalamikia kwamba hakupewa dawa. Daktari aliyekuwa naye alicheka akasema, huyo hulalamika hata akipewa. Inspekta naye aliutoa mkono wa bibi taratibu akaendelea na safari. Sasa alikirusha kitabu mezani.

"Koplo. Twende. Ngazi ni moja tu."

Bibi wa kitanda cha ishirini na mbili alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa maradhi ya moyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniletea dawa yangu?"

"Nimekuja na swali."

"Maswali nimepewa mengi, mwanangu. Dawa ndiyo niliyonyimwa."

"Siku gani?"

"Siku aliyokufa yule baba! Muuguzi alikuja na kitoroli chake, akafika kwa huyu dereva hapa, akamchoma, akafunga faili, akageuza. Nikamwambia, mwanangu, na mimi? Akasema, bibi, leo haumo kwenye karatasi. Wiki tatu niko kitanda hiki, leo simo! Nimehama lini?"

"Ulimwambia nani?"

"Kila mwenye koti jeupe. Hata anayeleta mitungi ya hewa. Wanasema bibi amechanganyikiwa."

Dereva wa lori wa kitanda cha ishirini na moja, mguu wake ukining'inia kwenye kamba, aliingilia bila kuulizwa. "Mimi nina mfupa uliovunjika tu. Kila siku vidonge viwili vya maumivu. Siku hiyo nikachomwa sindano. Nikauliza ya nini, nikaambiwa iko kwenye karatasi. Mchana kutwa nilikojoa kama bomba lililopasuka."

"Hiyo ni yangu!" bibi alipiga godoro. "Hiyo ni sindano yangu ya kupunguza maji! Kumbe wewe ndiye uliyeniibia!"

Inspekta na Koplo walirudi nyuma kitanda kwa kitanda. Wa ishirini alipewa vidonge vya maumivu vya dereva. Wa kumi na tisa alipewa dawa ya wa ishirini. Wengine hawakukumbuka, wengine walikumbuka rangi tu: vilikuwa vya waridi, si vyeupe. Kila mmoja alikuwa amepewa dawa ya jirani anayemfuata, na kwa bahati nyingi hazikuwa za kudhuru. Wa kitanda cha nane ndiye mwenye kisukari. Insulini yake ilikwenda kwa fundi cherehani. Baada ya kifo kile, macho yote ya hospitali yalikuwa kwenye kitanda cha saba, na hakuna aliyewauliza hawa wengine kitu.

"Ni kama vifungo vya shati," Koplo alisema, na safari hii hakutweta. "Ukiruka kimoja, vyote vinakwenda kombo."

"Kimerukwa wapi?"

Wa kitanda cha tano alipewa dawa yake. Kwenye cha sita alilala mwalimu wa hesabu, saratani imemwingia kwenye mifupa. Aliongea taratibu, akipima kila neno.

"Asubuhi ile nilichomwa kitu, lakini sicho kile changu. Kile changu nakijua kinavyoingia. Baada ya dakika kumi huwa naweza kunyoosha mguu. Siku hiyo sikunyoosha. Nililia mpaka saa tatu. Naona aibu kusema, lakini nililia."

"Chako ni kipi, mwalimu?"

"Mofini."

Inspekta alimshukuru. Alishuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha kompyuta, Koplo akibaki nyuma akishika ukuta.

"Mstari wa sita," alimwambia Mabano kabla ya kukaa. "Utoe kwenye orodha ya dawa. Kisha oanisha."

Mabano aliutoa. Printa ilikwama. Inspekta aliipiga kofi la ubavuni, ikatema karatasi. Kitanda cha sita, sindano ya kuzuia maambukizi. Cha saba, insulini. Chini kabisa, cha ishirini na moja, sindano ya kupunguza maji. Cha ishirini na mbili hakikuwepo.

"Hii ndiyo aliyokuwa nayo," Inspekta alisema. "Lakini hakimu ataniambia nimeitengeneza mimi leo. Nahitaji ile ya siku yenyewe. Aliyeutoa mstari ameurudisha, amefuta nyayo."

"Hajafuta," Mabano alisema.

"Unasemaje?"

"Katika lugha hii hatubadilishi kitu. Ukirekebisha orodha, inaandikwa mpya kando. Ya zamani inabaki palepale. Mtu anaona mpya kwenye kioo anadhani ya zamani imekufa. Kumbe ipo."

Inspekta alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nakala zote zipo. Siku zote mbili hizi zilikuwepo. Humu."

"Hukuuliza naka…"

"Ukimalizia sentensi hiyo nakufunga wewe."

Mabano hakuimalizia. Alifungua ghala la nakala. Saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi ya siku ile, orodha ya dawa ilikuwa na mistari ishirini na mmoja. Saa tatu kasoro robo, ilikuwa na ishirini na miwili tena. Kando ya kila badiliko liliandikwa jina la aliyeingia: Mfamasia Mkuu.

"Kuna kitu kingine," Mabano alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alifungua kile kitabu kinene, akageuza ukurasa mmoja tu mbele. "Hii hapa. Inaitwa zipu-kamili. Inafanya kazi ileile, ila orodha zikitofautiana urefu inakataa na kusimamisha kila kitu. Ningetumia hii, karatasi isingetoka. Niliiona wakati ule. Nikasema orodha zitatofautiana vipi, wagonjwa ni walewale."

"Utaandika hilo kwenye maelezo yako."

"Ndiyo."

"Kwa maneno haya haya. Bila mabano."

Saa saba na nusu Inspekta alipiga simu kituoni, akaomba apewe muuguzi. Alisubiri dakika sita, akisikiliza mtu akitafuta mtu wa kumtafuta mtu.

"Uliposoma insulini kwenye karatasi, ulifanya nini?"

Sauti ya muuguzi ilikuwa imechoka hadi imekauka. "Nimeshaeleza mara sita."

"Nieleze ya saba. Tafadhali, mdogo wangu."

"Nilipiga duka la dawa kwa simu ya ndani. Nikasema mgonjwa huyu hana kisukari, naye anafunga kwa ajili ya upasuaji. Nikajibiwa, fuata karatasi, dada, daktari ameshaandika. Nilikuwa peke yangu na wagonjwa ishirini na wawili. Nikafuata."

"Nani alijibu?"

"Mwanaume. Simu ile ina mkwaruzo, siwezi kuapa."

Ukutani mwa duka la dawa palibandikwa ratiba ya zamu, na Inspekta aliisoma kabla hata ya kusalimia. Wasaidizi waliingia saa mbili. Kabla ya hapo, zamu ilikuwa ya mtu mmoja.

Mfamasia Mkuu alimkaribisha kiti. Inspekta alikikataa.

"Orodha yako ya dawa ilipunguzwa mstari asubuhi ile, kisha ukarudishwa. Kwa jina lako na neno lako la siri."

"Neno langu la siri, dada?" Alitabasamu kwa huzuni, akanyoosha kidole. Kando ya kalenda palikuwa na kikaratasi cha manjano, na neno lenyewe kwa herufi kubwa. "Kila mtu analijua. Hata mfagiaji akitaka anaingia."

Inspekta alikitazama kile kikaratasi. Siku nzima alikuwa amepambana na watu waliokuwa na ukweli wakaukalia, na sasa huyu amebandika siri ukutani. Alijizuia asiking'oe.

"Kabati la dawa kali linafunguliwa na nani?"

"Mimi tu. Hapo sichezi."

"Daftari lake."

Aliletewa. Alipitisha kidole hadi tarehe. "Kitanda cha sita. Mofini, ampuli moja. Imetolewa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Sahihi hii ya mfagiaji?"

Mfamasia aliinamia daftari.

"Dakika tano baadaye, mofini ya kitanda cha sita inatoweka kwenye orodha ya dawa. Kwa hiyo muuguzi hana sababu ya kuja kuichukua. Na hakuja. Saa moja na robo anapiga simu hapa, na hapa kuna mtu mmoja tu. Mwalimu amelia hadi saa tatu. Kichupa hicho cha sindano, hiyo ampuli, iko wapi?"

Mtu yule mrefu alikaa kwenye kiti alichomkaribisha mgeni. Alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nilidhani itabaki nafasi tupu," alisema.

"Sema tena."

"Nilidhani nikiufuta mstari, kitanda cha sita kitakuwa wazi, basi. Wengine wabaki walipo. Mwalimu nilimpangia ya mchana, hata ukitazama utaona. Sikujua watasogea." Akaishika tena ile kalamu. "Nilipopigiwa simu niliogopa. Nikasema huyu akianza kuikagua karatasi atafika cha sita. Nikamwambia afuate."

"Na karatasi iliyo kwenye faili?"

"Niliitoa upya walipokuwa wamemzunguka fundi. Nikabadilisha."

"Mke wa fundi yuko benchi la nje tangu juzi anasubiri mwili. Muuguzi yuko rumande. Ulipanga kusema lini?"

"Kila saa nilisema saa ijayo."

"Ampuli ilikuwa ya nani?"

"Ya mama. Yuko nyumbani. Kitu kinachomla mwalimu ndicho kinachomla na yeye. Hapa walimpa vidonge, wakamwambia aende akapumzike. Mwanzo nilikuwa nachukua zilizobaki, za waliofariki. Wiki hii hakuna aliyefariki."

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alitazama sakafu. Inspekta alitoa pingu.

Saa nane na nusu alipiga simu kituoni tena. "Mwachieni muuguzi. Sasa hivi, kabla gari la mahakamani halijaondoka."

"Inahitaji fomu ya kuachilia, Afande," alijibu askari wa zamu.

"Ijaze."

"Zimo kabatini. Kabati limefungwa."

"Fungua!"

"Funguo anazo Koplo."

Inspekta aligeuka polepole. Koplo alijipapasa mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, na kitu kikalia.

"Chukua pikipiki," Inspekta alisema. "Usiseme neno. Nenda."

Saa tisa kasoro dakika saba ujumbe ulifika kwenye simu yake: Ametoka. Dada yake amekuja kumchukua. Ameomba maji tu.

Wakati huo gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mfamasia, ya vyumba viwili, bati jekundu, ua uliofagiliwa vizuri. Inspekta alitaka ampuli. Mfamasia alisema nusu yake ipo bado, ya siku ileile. Aliigawa, kisha baada ya kifo akashindwa kuigusa iliyobaki.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja na dirisha lenye pazia la shuka. Mwanamke aliyelala pale alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Mbona mapema leo?" alimuuliza mwanawe. Kisha akaona kuna mtu nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Nafanya kazi na serikali."

"Mpe kiti mgeni," mama alimwambia mwanawe. Mwanawe hakusogea. Alikuwa amesimama mikono nyuma, koti jeupe limefunika pingu. "Una nini wewe? Mpe kiti."

Inspekta alijivutia kiti mwenyewe. Kisanduku kilikuwa chini ya kitanda, kimefungwa kwa kitambaa safi. Ndani mlikuwa na ampuli tupu sita, na sindano iliyojazwa nusu, imefunikwa kifuniko chake. Alivitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga, akaandika saa. Mama alimfuata kwa macho, hadi mfuko ulipoingia kwenye mkoba.

"Hiyo ndiyo yangu," alisema. Hakulalamika. Alikuwa anamjulisha tu.

"Niache nimchome hiyo nusu," mfamasia alisema kwa sauti ya chini. "Moja tu. Kisha unipeleke unakotaka. Tangu juzi hajalala."

"Siwezi."

"Inspekta."

"Nimesema siwezi! Unajua siwezi, unaniuliza ya nini?"

Alitoka nje, akapiga hospitali. Daktari wa zamu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mgonjwa aliye nyumbani hapokelewi bila barua ya rufaa.

"Nitaileta."

"Barua ya nani?"

"Yangu. Ina muhuri wa polisi, na anayeitia sahihi hajala tangu asubuhi, amezungushwa maktaba, amezungushwa zipu, na sasa yuko uani kwa watu anapigiana kelele na wewe."

"Afande, hatuna gari la wagonjwa. Liko gereji."

"Ninalo langu."

"Na nafasi…"

"Daktari. Wodi yako ya Tatu nimeipita leo kitanda kwa kitanda. Usiniambie mimi kuhusu nafasi."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa. Kisha daktari akasema watamwandalia mahali, na sindano itakuwa tayari mlangoni.

Inspekta alirudi ndani, akamzunguka mfamasia, akamfungua pingu. "Mbebe," alisema. "Taratibu. Ukifika garini nazirudisha."

Alimbeba mama yake kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mama alishika kola ya koti lake jeupe, meno yameumana, mpaka walipofika nje kwenye mwanga.

"Tunakwenda wapi?"

"Hospitali, mama."

"Si ulisema hawana nafasi?"

Mfamasia alisimama katikati ya ua amembeba, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

"Leo ipo, mama," Inspekta alisema, akamfungulia mlango wa gari.